Mwanga Kutoka Paani

Nyumba nyingi za Mikese, mkoani Morogoro, zimeezekwa kwa mabati. Bati la chuma halipitishi mwanga. Chumba kisicho na dirisha huwa na giza hata mchana, na watu huwasha koroboi. Moshi wake hudhuru macho na mapafu.

Fundi anaweza kuondoa bati moja na kuweka la plastiki linalopitisha mwanga. Ncha yake ya juu huingia chini ya bati la juu. Ncha ya chini hulalia bati la chini. Hivyo mvua haivuji ndani.

Jua hulichakaza bati la plastiki. Likigeuka manjano au kupasuka, libadilishwe kabla ya masika. Usilikanyage kamwe! Huvunjika kwa uzito wa mtu.

Jaribio

Weka punje ya hindi ndani ya boksi. Lifunge, kisha toboa tundu dogo ubavuni. Chungulia. Je, unaiona punje? Sasa kata dirisha juu, ulifunike kwa karatasi iliyopakwa mafuta. Chungulia tena. Kuna tofauti gani?

Maswali

1. Taja vitu vitatu visivyopitisha mwanga.
2. Kwa nini ncha ya juu huwekwa chini ya bati jingine?