SOKO LA AJIRA: Barua ya kazi ya utafiti wa wanyamapori iuze kazi, si mapenzi

MFANYABIASHARA anayepeleka kahawa mnadani Moshi hamwambii mnunuzi kwamba ameipenda kahawa tangu utotoni. Humwonyesha sampuli, daraja na idadi ya magunia, kisha humwachia aonje mwenyewe. Lakini mtoto wa mfanyabiashara huyo huyo, akimaliza chuo na kuomba kazi ya utafiti wa wanyamapori, huandika barua iliyojaa mapenzi na isiyo na sampuli hata moja.

Jambo hili lina uzito kwa wasomaji wa ukurasa huu. Wazazi wengi wametoa fedha katika mzunguko wa duka ili kulipa ada Mweka, Chuo Kikuu cha Sokoine au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtaji wa miaka mitatu huingia sokoni ukiwa umefungwa ndani ya ukurasa mmoja wa karatasi. Ukurasa ukiwa dhaifu, mnunuzi hafungui mzigo.

Wanunuzi ni akina nani

Utafiti wa wanyamapori una historia ndefu nchini. Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, watafiti wa Kijapani wakaanza Mahale mwaka 1965, na utafiti wa simba wa Serengeti ukaanza mwaka 1966. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980.

Wanunuzi wa kazi hii wako wa aina mbili. Wa kwanza ni Serikali, ambayo nafasi zake hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Huko masharti ya tangazo hufuatwa neno kwa neno, na barua isiyo na sahihi inaweza kumwangusha mwombaji mwenye sifa zote. Wa pili ni miradi ya vyuo na mashirika. Huku barua mara nyingi husomwa na mtafiti mwenyewe, yaani mtu atakayekaa na mwajiriwa huyo kambini kwa miezi kadhaa. Barua inayozungumziwa hapa ni hiyo ya pili, ingawa somo lake linafaa kote.

Mtafiti huyo ana hofu zake, kama mwenye duka anayetafuta muuzaji. Fedha zake ni za ruzuku na zina tarehe ya mwisho. Gari linaweza kuwa moja tu. Aidha, wanyama hawamsubiri. Nyumbu wa Serengeti huzaa kati ya Januari na Machi katika tambarare za kusini, na mradi unaochunguza ndama ukikosa miezi hiyo husubiri mwaka mzima, sawa na mwenye duka la nguo aliyepokea mzigo baada ya Idi. Kwa hiyo mtafiti anaposoma barua huwa anauliza: mtu huyu atafika kwa wakati, atabaki hadi mwisho, na takwimu zake zitaaminika?

Barua inayorudi kapuni

Chukua mfano wa mwombaji wa nafasi ya msaidizi wa utafiti katika mradi wa kuhesabu nyumbu na swala. Barua yake inaanza hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 25. Nimewapenda wanyama tangu nikiwa mdogo. Ni mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma. Nina shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Naamini nitakuwa msaada mkubwa kwa mradi wenu."

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna bidhaa pia. Umri na shahada vimo tayari katika maelezo binafsi yaliyoambatanishwa. Uchapakazi na uaminifu ni sifa ambazo hata mvivu huziandika. Mapenzi kwa wanyama ni mali iliyojaa sokoni, kwani kila mwombaji anayo, na bidhaa iliyojaa sokoni haina bei.

Bidhaa adimu ni ipi

Ili kuijua bidhaa adimu, ni lazima kuielewa kazi yenyewe. Mtafiti hawezi kumhesabu kila mnyama porini. Njia mojawapo ni kupita katika mistari iliyonyooka, na kila kundi likionekana, msaidizi huandika aina, idadi, umbali na pembe. Kwa kuwa wanyama walio mbali ni vigumu zaidi kuonekana, hesabu maalumu hutumia umbali huo kukadiria wanyama wa eneo zima.

Makosa madogo hapa hugeuka hasara kubwa. Msaidizi mvivu hukadiria kwa macho na kuandika mita 50, 100, 50, 100, wakati mnyama yuko mita 73. Mwingine humchanganya nyamera na kongoni. Wa tatu hupita mstari mzima bila kuona mnyama, akaona hakuna cha kuandika, na mstari ukapotea katika daftari. Matokeo yake makadirio hupanda, na wanyama wanaonekana wengi kuliko walivyo. Takwimu hizo zinaweza kufika mezani kwa wanaopanga mgawo wa uwindaji.

Kila mwenye duka anaijua hali hiyo. Daftari la mauzo lisilo na siku ambazo hakuna kilichouzwa humdanganya mwenyewe kwanza, naye huagiza mzigo usio na wateja. Bidhaa adimu, basi, ni mtu anayeandika kile alichokiona, na pia kile ambacho hakukiona.

Barua ile ile ikirekebishwa

Mwombaji yule yule, bila kuongeza cheti chochote, angeweza kuandika hivi:

"Naomba kazi ya msaidizi wa utafiti katika mradi wenu wa kuhesabu nyumbu na swala. Katika mafunzo kwa vitendo ya wiki 8 nilipita mistari 12 ya kilomita 2, kila mmoja mara 3. Umbali nilipima kwa kifaa, pembe kwa dira. Katika safari 9 kati ya 36 sikuona mnyama yeyote, nazo niliziandika. Kila jioni niliingiza takwimu katika kompyuta na kuzilinganisha na daftari. Leseni ya udereva ninayo, lakini sijaendesha porini na niko tayari kujifunza. Ninapatikana kuanzia Desemba hadi Mei bila kukatiza."

Tofauti ni kubwa. Sentensi ya kwanza inaonyesha kwamba mwombaji ameusoma mradi, wala hakunakili barua moja kwa waajiri kumi. Idadi ya mistari ndiyo sampuli, na inaweza kuthibitishwa kwa mdhamini. Safari 9 zisizo na mnyama zinamwambia mtafiti kwamba takwimu za mtu huyu hazipikwi. Na tarehe za kupatikana zinajibu hofu ya msimu.

Sentensi inayowatia waombaji woga ni ile ya udereva. Wengi huogopa kukiri upungufu, wakaandika kwamba wanaweza kila kitu. Uongo huo haudumu. Kambini hakuna mahali pa kujificha, na gari likikwama kwenye udongo mweusi wakati wa mvua, dereva wa karatasi hujulikana siku hiyo hiyo. Mfanyabiashara aliyeuza gunia lenye mawe chini hapotezi gunia moja tu, hupoteza mteja. Katika fani hii watafiti wanafahamiana, na barua ya mdhamini mmoja husafiri mbali.

Hata hivyo, kukiri si kujidharau. Upungufu mmoja wa kweli unatosha, uandikwe kwa ufupi pamoja na utayari wa kuurekebisha. Barua isizidi ukurasa mmoja. Lugha iwe ile ya tangazo, isipokuwa tangazo limeruhusu nyingine. Jina la mradi na la mpokeaji yakaguliwe mara mbili, kwani anayekosea jina la mradi hataaminiwa kuandika jina la mnyama.

Kabla ya kutuma

Mzazi aliyelipa ada bado ana kazi moja ya kumfanyia kijana wake, nayo haina gharama. Aisome barua kwa jicho la mnunuzi, kisha afiche maelezo binafsi na kuuliza: mtu huyu amekwisha kufanya nini kwa mikono yake, na anaweza kuanza kufanya nini Jumatatu asubuhi? Kama jibu halimo katika barua, irudishwe kwa mwandishi kabla haijarudishwa na soko.