SOMO: TARAKIMU ZA JUU NA ZA CHINI KATIKA HATI ZA KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanakumbushwa kuwa usahihi wa hati hautegemei maneno peke yake. Ipo tarakimu ndogo inayokaa juu ya mstari, na ipo inayokaa chini yake. Ikiwekwa pasipo pake, maana hubadilika. Somo hili linawahusu makarani wa maofisini, na vilevile wakaazi wanaopeleka barua na mikataba yao kuchapwa katika maduka ya steshenari, kama vile Buguruni na Kariakoo, Dar es Salaam.

Tuchukue mfano wa mkataba wa pango. Kodi ya chumba ni shilingi 90000 kwa mwezi, na mbele ya kiasi hicho imewekwa tarakimu 1 ya juu, kumwelekeza msomaji kwenye maelezo yaliyo chini ya ukurasa. Tarakimu hiyo ikishuka mstarini, kiasi kitasomeka shilingi 900001. Kodi imepanda mara kumi, wala hapana aliyekusudia. Kwa sababu hiyo inafaa kutenga maelfu kwa mkato, yaani 90,000, na kuandika kiasi kwa maneno pia.

Tarakimu ya juu hutumika zaidi katika vipimo. Kiwanja chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15 kina eneo la 300 m², yaani mita za mraba. Maji hupimwa kwa m³, yaani mita za ujazo, na 1 m³ ni lita 1,000. Tarakimu ya chini hutumika katika kemia, kama H₂O, ambayo ni maji.

Namna ya kufanya ni hii:

1. Andika tarakimu kama kawaida, kisha uiteue hiyo peke yake.
2. Katika Microsoft Word, bonyeza Ctrl, Shift na = kwa pamoja ili kuipandisha; au Ctrl na = ili kuishusha.
3. Katika LibreOffice Writer, bonyeza Ctrl, Shift na P kuipandisha. Au Ctrl, Shift na B kuishusha.
4. Peleka kasa mbele ya tarakimu hiyo ili isibaki imeteuliwa, kisha bonyeza vitufe hivyo hivyo tena ili kurejea mstarini, kabla hujaendelea kuandika.

Yapo mambo matatu ya kujihadhari nayo. Kwanza, maandishi yakinakiliwa kwenda katika ujumbe wa simu, mpando huo aghalabu hupotea. 10³, ambayo ni elfu moja, hugeuka 103. Dawa yake ni kutumia alama zilizo kamili zenyewe: katika kompyuta ya Windows, shikilia Alt na uandike 0178 kupata ², au 0179 kupata ³, kwa vitufe vya tarakimu vya upande wa kulia. Pili, alama ya nyuzi za joto si herufi o iliyopandishwa; ni Alt na 0176. Tatu, ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo ina kitufe chake, haihitaji kupandishwa.

Mwisho, kila mmoja anaombwa asitie sahihi kabla ya kusoma karatasi iliyokwisha chapwa, tarakimu kwa tarakimu. Mpiga chapa akikosea, anayebanwa na hati ni aliyetia sahihi.