Koleo na Jina Lake: Suala la Kutambua na Kuita Vifaa vya Kale

1.0 Utangulizi

Mkusanyaji wa makoleo ya kale hukabiliwa na maswali mawili kwa kila kifaa anachokipata: kilifanya kazi gani, na kiliitwaje? Makala haya yanadai kwamba maswali hayo ndiyo pia ya mtunga kamusi, na kwamba jibu la moja halitoi jibu la pili, kwa kuwa kifaa na jina lake havizeeki pamoja.

2.0 Jina Litokanalo na Tendo

Katika lugha nyingi koleo huitwa kwa tendo lake. Neno la Kilatini forceps huchanganuliwa kuwa ni muungano wa mizizi yenye maana ya 'moto' na 'kamata'; hilo ni koleo la mhunzi hasa. Neno la Kiingereza pliers latokana na kitenzi chenye asili ya Kifaransa kimaanishacho 'kukunja'. Kijerumani hutumia neno moja, Zange, kisha huliambatanishia jingine: Beißzange ni koleo la kung'atia, Rohrzange ni la mabomba.

3.0 Jina Lisilofuatana na Kazi

Hata hivyo, jina huweza kuishi baada ya kazi kufa. Waingereza na Wamarekani waliita aina mojawapo 'koleo la gesi' kwa kuwa mafundi wa taa za gesi walishikia vichomeo kwalo. Taa hizo zilipoondoka majumbani, jina lilibaki. Aidha, jina la kibiashara huweza kumeza jina la jumla: koleo la kujifunga alilolipatia hataza William Petersen, mhunzi wa De Witt, Nebraska, mwaka 1924, mafundi wengi hulijua kwa nembo yake tu, Vise-Grip.

Kinyume chake, kifaa huweza kubaki bila jina. Koleo la mshona viatu lina kipande cha chuma kilichochomoza chini ya taya. Asiyeijua kazi hiyo hudhani ni nyundo tu. Kumbe fundi hubana ngozi kwa taya, hukiegemeza kipande hicho kwenye kalibu na kuivuta ngozi. Kisha hukitumia kugongea kijimsumari.

4.0 Hali ya Kiswahili

Neno koleo lina maana mbili: kifaa cha kubania na, kwa wasemaji wengi wa Tanzania, kifaa cha kuchotea mchanga, yaani sepeto au beleshi. Kibarua aliyeagizwa koleo aweza kurudi na beleshi, naye asiwe amekosea. Katika gereji utata huo hauonekani, kwani mafundi husema plaizi. Neno hili limebeba z ya wingi wa Kiingereza ndani ya shina, kama soksi na chipsi zilivyobeba s. Wapo wanaoliona kuwa ni uvivu wa lugha. Sisi twaliona kuwa limeziba pengo.

5.0 Hitimisho

Kidahizo kisemacho 'plaizi: tazama koleo' hufuta tofauti ambayo mafundi wameijenga. Fasili ifaayo haina budi kutaja umbo la taya, namna ya kiungo, kazi na watumiaji. Taarifa hizo zimo vichwani mwa mafundi wazee. Vifaa vyao vikishauzwa kama chuma chakavu, mtafiti atabakiwa na majina yasiyo na vitu, na mkusanyaji na vitu visivyo na majina.