Onyo la Kompaila na Herufi ɔ: Kutunza Msimbo wa Zamani

Anayerithi programu ya zamani ya lugha ya C ili kuchambua matini hupokewa na maonyo. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa kitu cha kutekelezwa na kompyuta, huyatoa kwa mamia, kisha kazi huendelea. Ndiyo maana wengi huyapuuza. Hoja yangu ni hii: tuyapange kwa aina, tukianza na yanayoweza kuharibu data.

1. Mfano

Tuseme mtafiti amekusanya matini huko Banalia, kwenye mto Aruwimi, kaskazini mwa Kisangani: nyingine za Kiswahili, nyingine za Kilingala. Programu yake huhesabu herufi kwa jedwali la nafasi 256:

char h;
idadi[h]++;

Kompaila ya GCC, ikipewa -Wall, huonya kwamba jedwali limepewa faharasa ya aina ya char. Kwa Kiswahili hakuna kinachoharibika, kwa kuwa herufi zake zote zina namba chini ya 128. Kilingala ni jambo jingine: moto ni mtu, mɔtɔ ni moto. Katika UTF-8, ɔ ni baiti mbili, 201 na 148. Kwenye kompyuta nyingi za x86, char hubeba alama ya hasi, hivyo 201 husomwa kuwa −55. Programu huandika nje ya jedwali, mara nyingi bila kulalamika, na ɔ hutoweka katika hesabu. Kwenye Linux ya ARM kosa hilohilo halionekani.

2. Kunyamazisha si kutibu

Ukiandika idadi[(int) h], onyo hutoweka lakini −55 hubaki palepale. Tiba ni idadi[(unsigned char) h]. Hata hapo tunahesabu baiti. Kupata herufi, lazima baiti mbili za ɔ ziunganishwe.

3. Utaratibu

(a) Hifadhi orodha ya maonyo yote pamoja na toleo la kompaila. Onyo jipya lisikubaliwe.

(b) Yapange kwa jina ambalo GCC huandika mwishoni mwa kila onyo, si kwa faili.

(c) Maliza aina moja, kisha uifunge: -Werror=char-subscripts hugeuza aina hiyo peke yake kuwa kosa.

(d) Usitumie -Werror kwa yote mara moja, maana toleo jipya la kompaila huja na maonyo mapya, na msimbo uliokuwa ukijengwa jana hukwama leo.

Kusubiri nako kuna gharama. Kuita funksheni isiyotangazwa kuliondolewa katika kiwango cha C cha 1999. GCC iliendelea kuonya tu, hadi toleo la 14, mwaka 2024, lilipokifanya kitendo hicho kuwa kosa.

Hitimisho

Programu iliyojaribiwa kwa Kiswahili pekee haijathibitishwa kwa Kilingala. Kabla ya kuchapisha jedwali la marudio ya irabu, tusome kwanza maonyo ya programu iliyolitoa.