CHUJIO LA MAFUTA LA PIKIPIKI, NA NAMNA YA KULIBADILISHA NYUMBANI

Wasomaji wetu, katika mitaa ya Sokon I hapa Arusha, na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, pikipiki imeshika mahali pa punda. Ndiyo ipelekayo ndizi na maziwa sokoni, na mgonjwa hospitali. Tena nyumba nyingi hupata riziki kwa kazi ya bodaboda. Basi pikipiki ikiharibika, hasara haimpati mwenyewe peke yake. Leo twapenda kueleza habari za kitu kidogo, chepesi kuliko yai la kuku, ambacho wengi hawakiangalii mpaka kiwaletee taabu. Nacho ni chujio la mafuta, ambalo mafundi huliita filta.

Kijana mmoja, jirani yetu, alikuwa akimpandisha mwalimu na mzigo wake wa vitabu kuelekea Ilboru. Walipofika katikati ya kilima pikipiki ikafifia, ikazima, na nyuma yao lori likaja likinguruma. Kwa bahati njema dereva aliwahi kufunga breki. Kijana alipochungulia akaona chujio limejaa uchafu mwekundu. Akalitoa, akalitupa, akaunganisha mpira moja kwa moja mpaka kwenye kabureta. Pikipiki ikaenda vizuri, naye akasema, “Kumbe chujio halina kazi!”

Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku ya tatu, magharibi, aliiingiza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuwaogopa wezi, kama ilivyo desturi ya wengi. Hakuifunga koki. Uchafu ulikuwa umekwisha kuingia katika kabureta na kuzuia kile kisindano kinachoyakata mafuta bakuli lijaapo. Petroli ikafurika, ikadondoka sakafuni. Karibu na hapo palikuwa na jiko la mkaa lenye moto. Mama yake alisikia harufu, akalinyanyua jiko na kukimbia nalo nje kwa mlango wa nyuma. Sisi tulikuwapo, nasi twasema wazi ya kuwa akili ya mama yule ndiyo iliyoiokoa nyumba ile.

Kazi ya chujio ni hii. Katika pikipiki zenye kabureta, mafuta hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi, hupita kwenye koki, kisha kwenye mpira, ndipo huingia katika kabureta. Ndani ya kabureta mna vijitundu vyembamba mno, na chembe moja ya kutu yatosha kuviziba. Chujio hukaa njiani kama bawabu mlangoni: huyaruhusu mafuta, huuzuia uchafu. Lakini bawabu naye huchoka. Likijaa, mafuta hupita kidogo kidogo.

Dalili zake ni hizi. Pikipiki huwaka vizuri na hunguruma vizuri ikiwa imesimama. Lakini ukivuta mafuta, au ukipanda kilima na mzigo, hukosa nguvu na kuzima. Ukingoja kidogo huwaka tena, kwa kuwa bakuli la kabureta limepata nafasi ya kujaa. Hata hivyo, usikimbilie kununua chujio kabla ya kufanya jaribio moja. Pikipiki ikizima hivyo, fungua mfuniko wa tangi kisha uufunge. Ikiwa papo hapo mafuta yashuka vizuri, huenda kosa ni la tundu la hewa lililo katika mfuniko, limezibwa na vumbi. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki.

Kabla ya kuanza kazi, tayarisha chujio jipya lenye midomo inayolingana na mpira wako, vibanio viwili, koleo, kitambaa cheupe, chombo cha bati chenye mfuniko, na ndoo ya mchanga. Mchanga ni wa kuzimia moto. Usitumie maji, kwani petroli huelea juu ya maji na kuueneza moto.

Kisha fuata mambo haya kwa taratibu:

1. Itoe pikipiki nje, mahali penye hewa, mbali na jiko, taa ya moto na mvuta sigara. Ngoja injini ipoe kabisa. Watoto wakae mbali.

2. Zima swichi, funga koki ya mafuta.

3. Weka chombo chini ya chujio. Bana kibanio kwa koleo, ukisogeze nyuma juu ya mpira. Uzungushe mpira polepole ndipo uuvute. Ukiuvuta kwa nguvu utapasuka. Mafuta yakiendelea kutiririka, koki ni mbovu: rudisha mpira, ukatengeneze koki kwanza.

4. Likiisha kutoka chujio la zamani, tazama jinsi lilivyokaa, kisha limwagie kitambaa cheupe yale yaliyobaki upande wa tangi. Tutasema hapa chini kwa nini.

5. Chujio jipya lina mshale ubavuni. Mshale na uelekee kwenye kabureta, maana ndiko yaendako mafuta. Mpira ukiwa umekauka na kupasuka, nunua mwingine. Rudisha vibanio, na uangalie mpira usiguse injini wala ekzosi.

6. Fungua koki, ungoje dakika chache kabla ya kuwasha. Pitisha kidole kwenye kila kiungo. Pakiwa pakavu pote, washa. Pakiwa na unyevu, funga koki na urekebishe kwanza.

Kwa mtu mwenye mkono mtulivu, kazi hii haifiki nusu saa. Lakini pikipiki zisizo na kabureta, ambazo pampu husukuma mafuta kwa nguvu, si za kufunguliwa hivi. Zipelekwe kwa fundi anayezijua.

Sasa turudi kwenye kile kitambaa. Chujio ni shahidi, nalo halisemi uongo. Ukiona unga mwekundu, tangi lako laota kutu ndani. Ukiona matone yanayokaa peke yake bila kuchanganyika na mafuta, hayo ni maji, nayo yametoka katika petroli uliyonunua au katika mvua iliyopenya kwenye mfuniko. Ukiona tope jeusi, hilo ni vumbi letu la udongo wa volkano, lililoingia tangi lilipofunguliwa, au lililokuwa katika chupa ya muuza mafuta wa kando ya njia. Mtu abadilishaye chujio bila kutafuta asili ya uchafu ni kama mtu adekiaye sakafu huku paa lavuja. Na usidanganyike kulipuliza chujio la karatasi ili ulirudishe. Likishatoboka halizuii kitu.

Petroli ya chupa ina hatari nyingine iliyo kubwa kuliko uchafu. Iwekwapo katika chupa ya maji au ya soda, mtoto huinywa akidhani ni kinywaji. Tena wako watu wazima wanyonyao petroli kwa mpira na mdomo. Aliyekunywa petroli asitapishwe, maana ikirudi yaweza kuingia mapafuni. Wala watu wasikae kungoja dawa ya maziwa, bali apelekwe hospitali mara moja.

Na mvuke wa petroli hauonekani kwa macho. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ufike penye moto. Hatujasahau siku ya 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka, na watu wakakusanyika kuchota petroli, wengine wakiwa na pikipiki zao. Likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Petroli ya Msamvu na petroli iliyo katika kichujio chako ni moja. Tofauti ni kipimo tu. Kwa hiyo mafuta uliyokinga usiyamwage mferejini wala chooni, na kitambaa kilicholowa kisirudi ndani ya nyumba. Kianikwe nje, mbali na moto.

Twawaomba walimu wawafundishe vijana habari hizi, na wenyeviti wa mitaa wazikumbushe mahali bodaboda wanapoegesha. Jirani yetu amekwisha kununua chujio jipya, na tangi lake limesafishwa kutu. Kila jioni, kabla ya kuingiza pikipiki, huinama kwanza akafunga koki. Mama yake husimama mlangoni akimtazama, wala hasogei mpaka aone mkono wa kijana umegeuka.