Asili na Kukua kwa Kijiji cha Freretown, Ng'ambo ya Mombasa

Wasomaji wetu waliopata kuvuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kwenda Kisauni huenda wameuona mnara mdogo wa kengele kando ya barabara. Mahali pale huitwa Kengeleni, na watu hulitaja jina hilo kila siku pasipo kujua kengele ile ilitundikwa kwa sababu gani. Twapenda kuwaeleza, hasa ninyi walimu, kwa kuwa watoto wa shule hupenda kuuliza maana ya majina.

Vijiji vyetu vingi vilianzwa na mzee mmoja na wanawe, na ukoo ukaongezeka. Freretown haikuanzwa hivyo. Mwishoni mwa 1872 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa. Seyyid Barghash akatia sahihi mkataba mwezi wa Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hapo ikazuka shida nyingine. Manowari zikikamata jahazi lenye watumwa, watu wale wapelekwe wapi? Kwao ni mbali, na njia ya kurudi ni ile ile ya wale waliowauza.

Ndipo chama cha misheni cha C.M.S. kikamtuma Padre W. S. Price, aliyefika Mombasa mwishoni mwa 1874. Mwaka 1875 alinunua shamba huko Kisauni, akalipa kijiji jina la Frere. Waliookolewa wakapewa viwanja vya kujenga na mahali pa kulima. Wengi wao walikuwa Wayao, Wanyasa na Wamakua, kila mmoja na lugha yake; Kiswahili ndicho kilichowapatanisha.

Lakini hao hawakuwa peke yao. Walikuwako pia Waafrika waliotoka Bara Hindi, ambao walinyang'anywa wakafirishaji wa watumwa wakiwa watoto, wakalelewa katika shule ya misheni huko Nasik, karibu na Bombay. Hao walijua kusoma, useremala na uhunzi, wakawa walimu na mafundi wa kijiji. Twaona kwamba hawasifiwi inavyostahili. William Jones na Ishmael Semler, waliotangulia kufika Rabai mwaka 1864, walikuwa wa shule hiyo, na mwaka 1885 wakawekwa kuwa mashemasi. Jones ndiye aliyeurudisha pwani msafara wa Askofu Hannington alipouawa Busoga mwaka ule ule.

Basi, kengele. Watumwa wa mashamba ya jirani walipotoroka walikimbilia misheni, na mabwana zao walikasirika. Mwaka 1880 watu wa Mombasa walitishia kukishambulia kijiji. Kengele ilipigwa ili watu wajue adui anakuja. Hata ndani ya kijiji hapakuwa na raha siku zote: mwaka 1881 maofisa wa Balozi walichunguza habari za msimamizi Mzungu aliyewapiga watu viboko na kuwafunga. Mtu aliyetolewa katika minyororo kisha akafungwa tena na mwokozi wake, tusistaajabu akinung'unika. Shauri la watoro lilipata nafuu tarehe 1 Januari 1889, Kampuni ya Kiingereza ilipowalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru.

Mwaka 1888 ilifunguliwa shule ya kufundisha makasisi, iliyokaa Freretown hata 1930 ilipohamishiwa Limuru. Mwaka 1907 utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na sababu ya kwanza ya kijiji ikakoma, watu wakabaki.

Mpaka hapo mtu wa Freretown alikwenda mjini kwa mashua. Mwaka 1931 likawekwa daraja la kuelea juu ya maji, na mwaka 1980 likafunguliwa lile kubwa la sasa. Tangu hapo mji umevuka maji. Nyali imejaa hoteli na majumba, Kisauni imejaa nyumba za wafanyakazi, na kijiji cha kale kimo katikati. Bei ya kiwanja imepanda, na hapo asili ya kijiji yaonekana tena. Mzee wa Kimijikenda aweza kuonyesha kaya ya babu zake. Babu wa mtu wa Freretown alishushwa kutoka manowari, akapewa mahali pa kukaa katika shamba la misheni, nalo halikuwa mali yake.