Gunia Lililoshonwa Upya: Nimwite Nani?

SWALI: Nauza nafaka Kayole. Gunia moja la maharagwe lilikuja limeshonwa upya, ndani mna unga mweupe unaonuka vikali. Nikamrudishia aliyeniletea. Je, hii ni kazi ya polisi au ya afisa wa afya?

JIBU: Ya wote wawili, dada yangu. Huenda ilikuwa dawa ya wadudu tu, lakini pua haiwezi kuamua hilo. Mwaka 1984 mjini The Dalles, Marekani, wafuasi wa kundi la kidini walitia salmonela kwenye saladi za mikahawa, wakaugua watu 751. Wataalamu wa afya walishuku wahudumu wa vyakula. Wapelelezi ndio walioikuta maabara ya kundi hilo, mwaka uliofuata.

Kwetu Kenya, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inataja pia kusambaza sumu na vijidudu, si mabomu pekee. Na sisi wa Eastlands tunajua kwamba soko hushambuliwa: Gikomba ililipuliwa tarehe 16 Mei 2014.

Kulirudisha gunia ndiko kunakonitia hofu, maana huenda sasa liko kwa muuzaji mwingine. Toa taarifa leo, umtaje aliyekuletea. Likija jingine, usilionje wala kulipepeta. Litenge, piga picha ya lebo na mshono, andika namba ya gari, kisha piga 999 na umwite afisa wa afya ya umma wa kaunti. Yeye atachukua sampuli ipimwe. Polisi watafuata njia ya gunia hadi ghalani.